Sakafu Iliyofagiliwa

Sakafu ya karakana ilikuwa safi mno, na hilo ndilo lililomtia mbunifu wasiwasi.

Kila walipojaribu chombo chao, kinachoelea juu ya hewa nchi kavu na majini, walimwaga kwanza maranda kuizunguka sketi yake ya mpira, pindo linalozuia hewa isitoroke chini yake. Feni ikiwashwa, maranda yaliruka zaidi palipovuja. Leo mjomba wake, fundi mwenzake, alikuwa ameyafagia yote.

"Wageni wanakuja, mama," mjomba akamwambia mpwa wake. "Tuwapokee na takataka?"

"Na wewe mjomba unakaa kiti gani?"

"Mimi leo napiga picha tu."

Mjomba huyu, anayegombea kiti cha mbele kama mtoto, leo picha! Machale yakamcheza.

Mlangoni abiria wa kwanza walikuwa wakifungana majaketi ya kuokolea, wakitaniana nani atatapika. Mbunifu akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye mshono wa sketi aliouchora yeye na kumwachia mjomba aushone. Kidole kikanata. Gundi mbichi. Uzi hakuugusa popote.

Mjomba akainama, akanong'ona, "Itashika. Ziwani ni kwenda na kurudi tu."

Mbunifu akakamata ukingo wa mpira kwa mikono miwili, akavuta. Sketi ikabanduka kama ganda la ndizi, mbele ya macho ya wote. Mlangoni vicheko vikakatika.

"Umenivua nguo hadharani!" mjomba akafoka. "Mimi, niliyekulea! Niombe radhi, sasa hivi, hapa hapa!"

Mbunifu alijifuta gundi kwenye suruali, kidole baada ya kidole.

"Siombi."