Mkono Kwenye Shati

Tunu alipoanza kunyata kuelekea bwawa la hifadhi na kamera ya marehemu baba yake, mama yake, Bi Sikudhani, alimshika shati kwa nyuma.

"Mama jamani, niachie! Wageni wananicheka."

"Wacheke wachoke. Baba yako nilimshika hivihivi miaka yote. Siku niliyobaki nyumbani, alimfuata korongo jicho likiwa kwenye kamera. Hakumwona kiboko."

Tunu aliinua kamera jichoni. Mbele yao korongo mweupe alikunjua mbawa juu ya matete. Bi Sikudhani alimkumbuka mumewe alivyokuwa akibana pumzi kabla ya kupiga picha, na vidole vikamlegea bila kujua.

Tunu, jicho bado kwenye kamera, alirudisha mkono nyuma, akapapasa hewani akiutafuta mkono wa mama yake.