Nyumba ya Mwisho Bondeni

Mitungi mitupu ilisikika ikigongana nje ya ukumbi wa kanisa kabla mwenyewe hajaonekana. Kisha cucu, bibi mzee wa nyumba ya mwisho bondeni, akaingia, sketi yake imelowa matope, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ramani ya mradi wa maji.

Kidole chake, kilichochubuliwa na kamba ya mtungi, kilifuata mstari wa bomba hadi ulipokoma, mbali na nyumba yake.

“Hapa mmeandika nina mfereji wa maji nyumbani,” akasema. “Aliyekuja kuuliza alimuuliza nani? Kuku wangu?”

Watu wakaangua kicheko. Muriithi, mtafiti kutoka Juja, alihisi masikio yake yakiwaka. Siku ile ya kuhoji watu mvua ilinyesha, mteremko wa kwenda kwa cucu ukateleza, naye alikuwa na viatu vipya. Fomu ya cucu aliijazia ndani ya gari.

“Basi tuitie sahihi ramani,” akasema chifu aliyeongoza mkutano. “Watafiti hawawezi kukosea.”

Muriithi akaifunika karatasi kwa kiganja.

“Cucu, sikufika kwako. Niliandika uongo. Karatasi hii haitatoka hapa na jina langu mpaka bomba lichorwe likifika mlangoni pako.”