Bibi Amepona

Kuingia chuo cha udaktari, alama peke yake hazitoshi. Lazima utaje unachokipenda kwa moyo wote nje ya masomo, na chuo kinakuvalisha bangili ya kukuchunga. Ukikiacha kabla ya kuhitimu, nafasi anapewa mwingine. Wenzangu walitaja kuogelea na kinanda. Mimi nilitaja kumuuguza bibi yangu, maana ndiyo ilikuwa kweli.

Leo asubuhi nimemkuta jikoni, wima, anakanda unga wa chapati.

"Nimepona, Mwanaidi!"

Nikamkumbatia nikilia kwa furaha. Bangili ikawaka nyekundu.

Bibi akaitazama. Akanawa mikono, akarudi kitandani, akajifunika shuka hadi kidevuni.

"Imebaki miaka mingapi, mjukuu wangu?"

"Mitano."

"Haya. Niletee uji."

Nikamlisha kwa kijiko mpaka bangili ikarudi kijani.