Kadi Ndani ya Mto

Shangazi alikata mshono wa kwanza wa mto kwa wembe, nami nikasogea karibu.

Kadi yake ya mkopo aliishonea ndani ya mto wa kiti anachokalia kazini, kwa mishono arobaini midogo kama mayai ya chawa. Alifanya hivyo mwaka jana, deni lilipomfika shingoni. Watu hufungia wezi milango. Yeye alijifungia mwenyewe kadi yake. Tangu hapo hajanunua kwa kadi hiyo hata kifungo, na kila tarehe tano analipa benki bila kuchelewa.

Sasa cherehani ilikuwa imekufa, na sare nane zilitakiwa kesho asubuhi. Duka la jirani lilikuwa likiuza cherehani mpya.

"Si ungeifunga tu hiyo kadi, shangazi?" nilimwuliza kwa sauti ndogo.

"Ala! Bubu kasema!" Alicheka, wembe bado mkononi. "Niifunge, alama zangu za kukopesheka benki zishuke? Wanataka waone kadi ninayo, tamaa sina. Bado miezi miwili nistahili mkopo wa kununua chumba hiki cha kushonea. Nikiijaza deni tena leo, ndiyo basi."

Kidole gumba chake, chenye makovu ya sindano, kikapapasa ule mshono uliokatika.

Kisha akaweka wembe chini, akatunga uzi, akaushona mshono upya na kuukata uzi kwa meno.

Akanirushia sare ya kwanza na sindano.

"Wewe chukua mikono, mimi kola. Na mishono iwe midogo kama hii."