Fulana za Ndoo Kichwani

Fundi cherehani alijichoma sindano kidoleni aliposoma jina la kwanza kwenye orodha ya mteja: Mama Kelele.

La pili lilikuwa Jicho la Kuku. La tatu, Babu Hasira.

"Kuna tatizo, dada?" aliuliza mteja. Alikuwa fundi friji, mrefu, mwenye mikono iliyojaa makovu ya bati. Alikuwa ametua mezani mfuko wa fulana kumi na sita, kila moja idariziwe jina lake kifuani.

"Hakuna, kaka. Majina tu yana vituko."

"Ni ya watazamaji wangu!" Uso ulimkunjuka. "Zamani nilikuwa na mchezo mtandaoni, Ndoo Kichwani. Sijui kama uliwahi kuusikia."

Kuusikia? Mwenzangu, mwanamke yule aliuishi! Mwaka aliovunjika mguu, akashinda sebuleni na plasta hadi kwenye paja, Jumamosi ndiyo siku pekee aliyoisubiri. Kwenye video, bwana mmoja alisimama jikoni kwake na ndoo ya bluu kichwani, haoni mbele wala nyuma, kazi yake kulifikia birika na kumimina chai kikombeni. Watazamaji ndio waliokuwa macho yake. Wiki nzima walipiga kura: hatua mbili kushoto, inama, nyoosha mkono. Jumamosi iliyofuata aliwatii walio wengi, hata kama walimpeleka kwenye beseni la vyombo. Na walimpeleka, mara mbili! Birika lilichukua miezi mitano. Hatimaye akamimina, chai yote ikaingia kwenye kiatu. Fundi cherehani alicheka mpaka jirani akaja kugonga mlango.

"Kwa nini uliacha?" aliuliza sasa, macho kwenye uzi.

"Watu tisa walininyamazia wiki moja. Tisa, dada, kwa mpigo! Wiki ile nilikuwa nimewatania sana, nikajua nimewaudhi. Mpaka leo linanikaa rohoni. Sasa nimeandika palepale kwenye ukurasa wetu: Jumamosi hii waje karakana kwangu, niwaombe radhi ana kwa ana." Akazigawa fulana mafungu mawili. "Hawa tisa watie kwenye hizi pana, siijui miili yao. Hawa saba, hizi hapa."

Alipotoka, binti wa fundi cherehani aliinua kichwa kutoka kwenye pindo alilokuwa akishona. "Mama, mbona umebadilika?"

"Wale tisa," mama alinong'ona, "ni mimi."

Binti akaangua kicheko, akashika ubavu, akaomba maji. Mama hakucheka. Alikuwa ameanza na jina moja tu, Mama Kelele. Kisha akaona watazamaji ni wachache mno, akaogopa yule bwana atakata tamaa na kumwachia Jumamosi tupu, ndipo akamleta Jicho la Kuku. Baada ya hapo mkono ukazoea. Mama Kelele aligombana na Babu Hasira, Jicho la Kuku akaja kuamua, wote ni yeye na simu yake na mto mgongoni.

Ila mshindani wa kweli alikuwa mmoja wa wale saba, aliyejiita Msumari. Mama Kelele akisema kushoto, Msumari anasema kulia. "Wewe hata mlango wa kwako huuoni!" Msumari alimwandikia siku moja, naye akamjibu kwa majina manne kwa zamu. Hajaonja tena ugomvi mtamu kama ule. Kisha simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji, ndoo yake mwenyewe, na alipopata nyingine baada ya miezi mitatu, mchezo ulikuwa umeshafungwa.

"Mwambie," binti alisema.

"Nimwambie watu tisa anaowalilia ni mwanamke mmoja na mguu wake wa plasta? Si nitamvunja moyo!"

"Basi mwache Jumamosi akae avitazame viti."

Mama akatunga uzi kwenye sindano. Ukilikoroga utalinywa. Alidarizi siku tatu, na jina la Msumari alilifumua mara mbili kwa kutaka likae vizuri.

Jumamosi akazipeleka mwenyewe. Karakana ilikuwa imefagiwa, friji mbovu zimesogezwa ukutani, na viti tisa vimepangwa nusu duara. Juu ya meza ilikaa ndoo ya bluu, imesuguliwa inang'aa. Fundi friji alikuwa peke yake, anachungulia barabarani.

"Karibu, dada! Bado hawajafika. Labda foleni."

"Hawaji, kaka." Akatoa fulana ya Mama Kelele, akaivaa juu ya gauni lake, kisha akazitandaza zile nane kwenye viti, moja moja. "Hukumuudhi mtu. Simu yangu iliingia maji. Wote tisa ni mimi, na naomba unisamehe."

Fundi friji akakaa kitako juu ya ndoo ya rangi. Alivitazama viti, akamtazama yeye.

"Sema kitu, kaka. Hata nigombeze! Na wale saba ndio niliowakosea zaidi. Wenzangu walikuwa watazamaji wa haki, nami nikawashinda kwa kura za wizi kila wiki. Wakifika nitamwomba radhi kila mmoja, na nitaanza na Msumari."

Mwanamume akainuka. Akaivua ovaroli hadi kiunoni, akaichomoa ile fulana ya Msumari kutoka kwenye mfuko, akaivaa. Ilimkaa barabara.

"Haya, anza," alisema. "Ukimaliza na huyu, nitavaa inayofuata."