Pikapu Iliyonyamazishwa

Injini mpya zote zilitaka upole. Ukifoka ndani ya gari, zinazima. Pikapu kuukuu ya Mbwambo haikuijua amri hiyo, ndiyo maana mkewe, Nakiete, aliipenda. Miaka kumi na mitatu, kila waliposhusha tangawizi kutoka milimani kwenda mnadani Same, alimtukana mumewe njia nzima, naye akamjibu, wakarudi nyumbani mioyo imetua.

Mbwambo akachoka kutukanwa. Bila kumwambia mtu, akang'oa injini na giaboksi, akachomelea vishikio vipya, akafunga zilizotoka kwenye gari jipya lililopinduka.

Siku ya mnada Nakiete akapanda na kuanza kama kawaida: "We mwanamume usiye na haya..."

Injini ikazima.

"Sema taratibu, Mama Elinami," Mbwambo akacheka. "Leo utanyooka."

 Nakiete akamwegemea begani, akasema kwa sauti laini kuliko ya bibi harusi: "Baba Elinami, umejichimbia kaburi. Mimi ndiye nitakayekufukia."

Injini ikawaka, ikanguruma kwa furaha. Mteremko ukaanza, kona baada ya kona. Mbwambo alitaka kumfokea, lakini injini ikizima hapo, na breki nazo zinakataa. Nakiete akaendelea kumnong'oneza.