Kisanduku Kisichopiga Hodi

Bi Mishi alinisimulia haya jana tukichambua mchele. Yeye na Saumu ni jirani, ukuta kwa ukuta.

Saumu alikuwa edani, kaburi la mumewe halijakauka, shemeji yake Athmani akamfungulia kesi ya nyumba. Mahakama siku hizi hazina subira. Zikamtundikia sebuleni kisanduku cha kufuatilia kesi, kikawa kinauliza kila asubuhi kwa sauti nzito ya kiume: "Mdaiwa, upo?" Asiyejibu mwenyewe huhesabiwa amekubali.

"Kijibu, shoga," Mishi akamsihi. "Nyumba itakwenda!"

"Nimo edani! Nijibizane na dume lililoingia kwangu bila hodi? Mahakimu wana akili, wanajua nipo. Nitakwenda wapi?"

Akakifunika kwa kanga. Wiki haikwisha, kisanduku kikampongeza humo humo ndani ya kanga: kesi imekwisha bila kucheleweshwa. Ati hiyo ndiyo haki!

Jioni Athmani akaingia na mto wake kwapani.

"Usinune, shemeji. Zamani tungezeekea mahakamani."

Saumu akajilaza jikoni, macho kodo. Sebuleni sauti ikauliza, "Wahusika, mmeridhika?"

"Sote tumeridhika," Athmani akakijibu. Kikapokea. Naye, hata isha haijaadhiniwa, akageukia ukutani akalala fofofo.